Kusubiri Barabara Ikauke

Mnapoipita njia ngumu kwa mara ya kwanza, swali ni moja: tutafika? Mnapopanga kurudi, swali hilo limeshajibiwa, na mengine mazito zaidi yanashika nafasi yake. Ninyi mnaijua njia, lakini njia nayo inawajua ninyi. Watu wa vijiji wanakumbuka mlilala wapi, mlilipa nini, nani kati yenu aliwaamkia wazee na nani alipita bila kugeuza uso. Kikundi chetu kinapokaa Bangboka kupanga safari nyingine ya magari kwenye barabara ya Ituri, nataka jambo hili liwe la kwanza mezani, kabla ya bidoni za mazutu, tairi za akiba na winchi.

Bangboka panafaa kwa mkutano wa namna hii. Uwanja wa ndege wa Kisangani uko huko, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji, na wenzetu wanaotoka Kinshasa wakishuka wanakuwa wameshafika. Kelele za mji zimeisha. Kuna mihogo, migomba na michikichi, na nyuma yake msitu. Ndege ikiruka kuelekea mashariki, abiria hupita juu ya msitu wote wa Ituri bila kumjua mtu aliye chini wala kujulikana naye. Sisemi kwamba ni vibaya. Mgonjwa apande, mwanafunzi apande, mfanyabiashara mwenye haraka apande. Ila anayechagua kupita chini kwa hiari yake, kwa sababu anaupenda msitu na anapenda usukani, amechagua kukatiza katika ua wa watu. Hana udhuru wa haraka. Ndiyo maana nadhani anadaiwa adabu zaidi kuliko dereva wa lori, ambaye amebeba mkate wa watoto wake.

Njia yenyewe ni barabara ya taifa namba 4. Inatoka Kisangani kwenda mashariki, inavuka mto Tshopo pale Bafwaboli, inafika Bafwasende kwenye mto Lindi baada ya kilomita 260 hivi, halafu inaingia jimbo la Ituri hadi Nia-Nia, ambako njia nyingine inachepuka kwenda Wamba na Isiro. Ukiendelea moja kwa moja unaingia Hifadhi ya Okapi, unavuka mto Epulu, unafika Mambasa, na mbele yake Komanda, penye njia panda ya Bunia na Beni. Sehemu kubwa ni udongo mwekundu katikati ya miti. Kisangani imekaa karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mvua haina mwezi inaoacha. Januari na Februari inapungua tu, na hapo ndipo kila mwenye gari anapopanga kusafiri.

Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, barabara hii ilikaribia kufa. Msitu hauhitaji miaka mingi kuchukua kilicho chake. Mianzi iliinama kutoka kando zote mbili hadi ikakutana, jua likakosa pa kupenya, na udongo usioona jua haukauki. Malori yakakoma. Waliobaki ni watu wa baiskeli, wale tunaowaita kumbakumba. Walifunga bidoni za mafuta ya mawese, magunia ya mpunga, sabuni, chumvi na nguo kwenye baiskeli ambazo hakuna mtu angeweza kuzipanda kwa mzigo ule, wakafunga fimbo ndefu kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakazisukuma kwa miguu mamia ya kilomita. Waliokwenda hivyo ndio walioifanya njia ibaki njia. Alama ya tairi moja nyembamba, iliyopitwa tena na tena na watu waliojua kwamba lazima warudi nyumbani, ilizuia msitu usifunge kabisa. Barabara ilipokuja kufunguliwa tena kwa magari baada ya vita, yalifuata mahali ambapo nyayo hazikuwahi kukatika.

Nawataja kumbakumba kwa sababu katika vikao vyetu tunapenda kuitumia lugha ya ushujaa. Mtu anasimulia jinsi alivyolivuka shimo la tope lililomeza nusu ya gari, na wote tunasikiliza kwa raha. Nami nasikiliza kwa raha. Lakini ushujaa wa barabara ile una wenyewe, na wao walikuwa na mzigo wa mawese na viatu vya plastiki. Msafara wetu ukikutana na kumbakumba kwenye mteremko, naona ni haki sisi tusimame na yeye apite, kwa sababu akisimama yeye, kuianzisha tena baiskeli yenye kilo nyingi vile ni kazi ya watu wawili. Jambo dogo hili halimo kwenye kitabu cha gari lolote. Nataka liandikwe kwenye karatasi yetu.

Kuna kazi nyingine ambayo mpita njia haioni, hata ikiwa chini ya pua yake. Barabara ya udongo haiharibiwi na magari peke yake. Inaharibiwa na maji yasiyojua pa kwenda. Ndiyo sababu kuna makantonye. Wengi wao ni watu wa vijiji vya kando ya njia, wamekusanyika katika kamati za matengenezo, na zana zao ni jembe, panga, beleshi na karai. Nilimtazama mmoja wao kwa muda mrefu upande wa Bafwaboli, mzee wa miaka mingi, akichimba mfereji wa kutolea maji. Hakuuchimba kwa kunyoosha. Aliukata mshazari kutoka ukingo wa barabara kuelekea bondeni, hatua chache tu, wenye kina cha kiganja mwanzoni na zaidi mwishoni, ili maji yasiingie kwa pupa yakala udongo. Mdomoni akapanga mawe mawili bapa. Kisha akamwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa yake ya kunywa, akadondosha jani juu yake, akalitazama jani likigeuka kona na kuondoka barabarani. Akaridhika, akasogea kwenda kuanza mwingine.

Sasa fikiria gari letu linafika kwenye shimo la tope, dereva analiona, analikwepa kwa kupanda ukingo. Tairi moja linakanyaga mdomo wa ule mfereji. Mawe yanazama, udongo unafumba. Dereva hata hajui. Usiku mvua inanyesha, maji yanafika pale yalipozoea kutokea, yanakuta pamefungwa, yanarudi katikati ya barabara. Kufika asubuhi, lile tope dogo limekuwa refu. Kufika wiki ijayo malori mawili yamelala ndani yake na akina mama wenye ndizi za kuuza mjini wanaziona zikiiva mikononi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Dereva alikuwa anatunza gari lake. Ndiyo maana nasema uadilifu wa njia ile hauwezi kuachiwa nia njema. Lazima mtu ajue mfereji ni nini, na ashuke kutazama kabla ya kukwepa, na akiufunga aufungue kwa beleshi lake mwenyewe kabla ya kuendelea. Mabeleshi tunayobeba kwa ajili ya kujinasua yana kazi hiyo pia.

Halafu kuna bariera ya mvua. Ni mti mrefu uliolazwa kukatiza barabara, una jiwe la kuupa uzito upande mmoja na kamba upande wa pili. Mvua kubwa ikishanyesha, mlinzi anaishusha, na magari yanangoja saa kadhaa mpaka uso wa barabara unyonye maji na kushikamana. Hakuna utaratibu rahisi kuliko huo, na sijui mwingine unaoiokoa barabara ya udongo kuliko huo. Lori lenye tani nyingi likipita juu ya udongo ulioloa, linachora mifereji miwili mirefu. Jua likiwaka, mifereji hiyo inakauka ikawa migumu kama matofali, na mvua inayofuata inaigeuza kuwa mito.

Kwenye kikao chetu, bariera ndiyo iliyotugawa. Mwenzetu mmoja kijana, dereva hodari kuliko wengi wetu, alisema, “Yaya, bariera iliwekwa kwa ajili ya malori. Sisi ni magari mepesi. Tukiongea vizuri na mlinzi, tukimwachia kitu kidogo, tunapita.” Ana sehemu ya ukweli. Mara nyingi pikipiki na magari madogo huruhusiwa. Lakini magari sita yenye mizigo, tairi zenye meno makubwa, yakifuatana katika alama ile ile, yanachimba udongo mbichi kwa namna ambayo lori moja lingeionea wivu. Na kuna la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Pale bariera kuna watu wanaongoja. Kuna dereva wa lori aliyelala chini ya gari lake tangu usiku, kuna abiria juu ya magunia, kuna mtoto anayelia njaa. Sisi tunakuja na miwani ya jua na friji ndogo ndani ya gari, tunatoa noti, mti unainuliwa, tunapita. Tumewafundisha nini wale watu kuhusu utaratibu ambao babu wa kijiji anaushindilia kwa jembe lake kila siku? Mlinzi naye, ambaye mshahara wake haufiki kwa wakati, tumemweka katika jaribu ambalo hakuliomba.

Kungoja katika hali ile si udhaifu wala si kupoteza siku. Ni njia ya kulipa. Anayepita kabla ya udongo kukauka anatumia barabara ya kesho ya mtu mwingine. Mimi ningependa tuongeze siku za akiba kwenye mpango kuliko kuongeza fedha za “kuongea vizuri”, na tulikubaliana, baada ya majadiliano marefu, kwamba atakayeona haraka yake ni kubwa kuliko mti ule asije. Yule kijana alinyamaza, kisha akauliza tutafanya nini saa zote hizo. Nikamjibu tutacheza karata na madereva wa malori. Wao ndio wanaojua daraja gani limelegea mbele, na habari hiyo haipatikani kwenye ramani yoyote.

Mtu anayetaka kuelewa maana ya kurudi katika msitu huu hana haja ya kwenda mbali. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita hapa na msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Aliwachukua Waswahili kutoka Zanzibar, akazunguka nao kwa meli kupitia Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, akiwa pamoja na Tippu Tip, ambaye alikuwa anakuja kuwa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani yetu. Pale Yambuya, kwenye mto Aruwimi, Stanley aliukata msafara vipande viwili. Juni 28 aliondoka na watu wapatao 390, aliowachagua kwa nguvu zao. Wadhaifu, wagonjwa na mizigo mingi vilibaki nyuma chini ya Meja Edmund Barttelot, wakingoja wapagazi ambao Tippu Tip aliahidi kuwaleta.

Walingoja karibu mwaka mzima. Kila upande ulikuja kuwa na maelezo yake kuhusu ile ahadi. Tippu Tip alilalamika kwamba baruti aliyoahidiwa haikufika. Wakati maelezo yanatafutwa, watu walikuwa wanakufa. Wazanzibari wale walizoea mihogo mitamu ya pwani. Muhogo wa huku ni mchungu, lazima uloweshwe majini siku kadhaa ndipo sumu itoke. Waliula bila kuuandaa ipasavyo, na matumbo yakawamaliza. Nalifikiria sana jambo hili. Dawa ya mauti yale ilikuwa vijijini, kwenye mabwawa ya kuloweka muhogo, mikononi mwa wanawake ambao wangeweza kuonyesha kwa siku moja namna ya kula bila kufa. Lakini kambi ilikuwa na boma la miti na bunduki, na imezungukwa na watu iliowanyang'anya makazi yao. Huwezi kumwomba mapishi mtu uliyemfukuza nyumbani kwake.

Stanley alifika Ziwa Albert mwezi Desemba 1887, kisha akarudi katika msitu ule ule kuwatafuta wa nyuma. Agosti 17, 1888 aliwakuta Banalia, mahali ambapo leo magari ya Buta yanavuka. Barttelot alikuwa ameshapigwa risasi akafa mwezi mmoja kabla. Zaidi ya nusu ya waliobaki nyuma walikuwa wamekufa au wametoroka. Vitabu vingi vya Ulaya vilivyoandikwa juu ya mkasa ule vilibishana ni mzungu yupi wa kulaumiwa. Mimi huwafikiria wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa kwa uangalifu ule, na ambao lugha yao ndiyo tunayoisema hadi leo kwenye kingo za mto huu. Na ninapoona katika mpango wa kikundi chochote kwamba magari yenye nguvu yatatangulia “kufungua njia” na mengine yatafuata, ninauliza: yatafuata na nani? Na yakikwama, ahadi ya nani itayatoa?

Barabara hii na mji huu vimeona misafara mingi ya watu waliokuja kujaribu vyombo vyao. Mwaka 1925 magari manane ya Citroën yenye mikanda ya mpira nyuma, chini ya Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, yalifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kutoka Algeria, yakaendelea mashariki hadi Kampala, ambako yaligawanyika kuifuata bahari kwa njia nne. Mwaka 1983 mashindano ya Camel Trophy yaliletwa Zaire, na Land Rover zikapigana na matope kati ya Kinshasa na Kisangani mbele ya kamera. Siwachukii watu wale. Walikuwa na ujasiri, na baadhi yao waliandika mambo yenye thamani. Lakini hawakupanga kurudi. Njia kwao ilikuwa kipimo cha chuma na cha mwanadamu, na vijiji vilikuwa pembeni ya picha. Sisi wa jimbo la Tshopo hatuwezi kuitazama njia hivyo hata tukitaka, kwa sababu mama wa mwenzetu mmoja yuko Bafwasende, na shemeji wa mwingine anafundisha Nia-Nia.

Tena vijiji hivyo havikujipanga kando ya barabara kwa kupenda biashara. Wakati wa Wabelgiji, watu walihamishwa kutoka ndani ya msitu na kuwekwa kando ya njia, ili wahesabiwe, walipe kodi, na waitengeneze barabara ile ile kwa mikono yao. Kwa hiyo mzee anaposimama na jembe kwenye mtaro, nyuma yake kuna historia ya kazi ya shuruti. Leo anafanya kwa malipo madogo, mara nyingine yanachelewa, mara nyingine hayaji. Anayepita na gari kubwa akimpungia mkono tu, amefanya vizuri. Akisimama, akashuka, akamwuliza maji yanapita wapi, amefanya vizuri zaidi, na pengine atajifunza jambo.

Kuhusu chakula, maoni yangu ni kwamba tusijaze masanduku mjini. Safari nyingi za starehe hubeba kila kitu, kuanzia sukari hadi nyama ya kopo, halafu hupita vijijini zikitoa peremende kwa watoto. Kinyume chake kinafaa. Tununue kwanga, ndizi, mchele, samaki waliokaushwa kwa moshi, na asali ya Wambuti wakituuzia, tena kwa bei wanayotaja. Peremende zibaki dukani. Mtoto anayezoea kukimbilia magari ipo siku atakimbilia lisilomwona. Nyama ya porini ina ugumu wake, na sitaki kuupita haraka. Mama anakaa kando ya njia na mboloko aliyechomwa, na hiyo ndiyo ada ya shule ya mtoto wake. Ukikataa kwa sura ya dharau umemwumiza; ukinunua, umewatia moyo wawindaji ambao kesho wataingia hifadhini. Tumeamua kukataa, kwa upole, na kununua kwake kitu kingine, hata kama hatukihitaji. Najua uamuzi huo hautamlipia ada yote. Lakini afadhali hivyo kuliko kuhubiria watu uhifadhi na mikono mitupu.

Hifadhi ya Okapi ilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 1996 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka uliofuata tu ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mtu anaweza kuyasoma hayo na kuyasahau. Yasiyosahaulika ni ya Juni 24, 2012, wakati wanamgambo wa Mai-Mai Simba, chini ya kiongozi aliyejulikana kwa jina la Morgan, walipovamia kituo cha Epulu, wakaua watu, miongoni mwao walinzi wa hifadhi, wakachoma majengo, na kuwaua okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale. Kituo kilijengwa upya na walinzi wakarudi kazini. Wao wanajua kuliko sisi sote kurudi ni nini.

Nayasema haya kwa sababu nusu ya pili ya njia yetu iko Ituri, na tangu Mei 2021 jimbo hilo liko chini ya utawala wa kijeshi. Upande wa Mambasa na Komanda waasi wa ADF wameua wasafiri na wakulima. Katika kikundi wapo wanaosema tutafika Epulu kwa vyovyote, kwa kuwa tuliahidi. Ahadi ni kitu kikubwa, lakini ahadi kwa nani? Tukiingia mahali pa hatari kwa ajili ya kufurahisha mioyo yetu, likatokea la kutokea, watakaokuja kututafuta ni askari na walinzi ambao wana kazi ya kuwalinda wanavijiji. Tutakuwa tumewachukulia ulinzi wao. Kwa hiyo mpango unaishia Bafwasende kwa sasa. Pale tutauliza: msimamizi wa eneo, makapita wa vijiji, madereva wanaotoka upande wa pili siku ile ile. Wakisema pana usalama hadi Nia-Nia, tutasogea hadi Nia-Nia. Wakisema hapana, tutageuza magari mchana kweupe, tena hatutaiita safari iliyoshindwa. Watu wanaokaa pale ndio wenye kauli, na sioni aibu yoyote kumtii mtu anayelala mahali ambapo mimi napita tu.

Hili la kugeuza lina ugumu wake katika kikundi kuliko kwa mtu mmoja. Mtu mmoja akiogopa, anarudi, basi. Katika kikundi kila mmoja anaogopa kuonekana mwoga, na kumi wanaweza kuendelea mahali ambapo hakuna hata mmoja wao anayetaka kwenda. Tumekubaliana kwa hiyo kwamba sauti moja ya hapana inatosha. Haihitaji kujieleza mbele ya wote. Mwanamke mmoja katika kikundi, muuguzi, ndiye aliyelileta pendekezo hili, na alilileta kwa maneno machache: hospitalini, akasema, mhudumu yeyote anaruhusiwa kusimamisha kazi akiona jambo lisilo sawa, hata kama daktari mkuu yuko chumbani. Hakuna aliyempinga.

Mwendo nao utafuata gari la polepole kuliko yote. Hapo sina mjadala. Land Cruiser ya zamani ya mwenzetu, yenye springi zilizochoka, ndiyo itakayotuambia leo tunalala wapi. Wenye magari mapya watasikia uchovu wa kukanyaga breki, na nawaelewa, maana gari zuri linataka kwenda. Lakini mkiwa mmeondoka pamoja Bangboka, mnafika pamoja au hamjafika.

Limebaki suala la nani aendeshe gari la nyuma. Kila mtu anataka kuwa mbele, ambako barabara bado ni safi na ndege wa msituni hawajaruka. Wa nyuma anakula vumbi au tope lililosagwa na wote, na ndiye anayekuta mifereji iliyokanyagwa. Pendekezo langu ni kwamba winchi bora, fundi bora, sanduku la dawa na mabeleshi mawili viwekwe kwenye gari hilo, na kwamba halitaondoka mahali popote kabla dereva wake hajashuka kutazama tulichokiacha. Kikao kijacho tutapiga kura. Mimi nimeshaiomba nafasi hiyo, na yule kijana wa bariera ameomba kukaa kiti cha pembeni.